Hesabu Inayosomeka: Maneno ya Arobaini ya Mzee Wetu wa Benki

Maneno haya yalisemwa kwa niaba ya wastaafu wenzake, kwenye shughuli ya arobaini ya marehemu nyumbani kwake Tabora. Yamewekwa hapa yote kwa ajili ya ndugu waliokosa usafiri. Familia imeomba majina yasitajwe.

Baba Paroko, mzee wa ukoo, Mama yetu mfiwa, watoto, wakwe na wajukuu, mwenyekiti wetu wa mtaa, majirani, na nyie watani mnaodai tangu asubuhi kwamba marehemu ameondoka na funguo za sefu. Tumsifu Yesu Kristo. Asalaam aleikum. Poleni sana. Poleni tena.

Tumepewa dakika 20. Marehemu angetupa 15, na angekaa anaangalia saa.

Alikuwa nani huyu? Karani wa leja, keshia, mhasibu wa tawi, meneja, mstaafu. Aliingia Benki ya Taifa ya Biashara ikiwa bado changa, ile iliyoundwa mwaka 1967 baada ya Azimio la Arusha, mabenki yalipotaifishwa. Aliiona ikigawanywa mwaka 1997. Alifundisha vijana wa kadi za leja, zile za kuandikia akaunti za wateja, akafundisha na vijana wa kompyuta. Alipostaafu alipanda treni ya Reli ya Kati na mke wake, sanduku la chuma, na mashine ya kujumlishia ile yenye karatasi ya kuviringisha, akarudi Tabora. Wasifu wote huo ungeenea kwenye kadi moja ya leja, na mliusikia siku ya maziko.

Leo tunataka kusema jambo moja tu, alilolifanya kazini na nyumbani kwa mkono ule ule: hakupenda kuacha hesabu ambayo mtu mwingine hawezi kuisoma. Hakupenda. Angalieni hatujasema hakuwahi. Tutafika huko.

Nani hapa aliwahi kufika benki mlango unafungwa, akasema "hawa jamaa wanakwenda nyumbani mapema"? Nyoosheni mikono, msiogope, marehemu hawaoni. Ndugu zangu, mlango ukifungwa ndipo kazi inapoanza.

Keshia anaanza siku na kiasi alichokabidhiwa. Jioni anachukua kile alichoanza nacho, anaongeza alichopokea, anatoa alicholipa. Jibu lazima lilingane na noti zilizo kwenye droo yake. Noti zinapangwa uso upande mmoja, chakavu zinawekwa pembeni, na kila noti 100 zinakuwa bunda. Bunda linafungwa kwa ukanda wa karatasi, na juu ya ukanda keshia anaandika tarehe na kutia sahihi yake. Kwa nini atie sahihi? Kwa sababu bunda hilo likifunguliwa wiki mbili baadaye, msimu wa tumbaku, likakutwa na noti 99, sahihi ndiyo itakayoulizwa. Hatasingiziwa mtu ambaye siku hiyo alikuwa likizo.

Droo zikishabalansi, zinabaki leja. Hapo ndipo tulipomjua mzee huyu.

Jioni moja, enzi bado za kadi, fedha zote zililingana na vocha, zile karatasi za kuweka na kutoa, lakini leja ya akiba ilizidi kwa shilingi 27,000. Watu wamechoka, giza linaingia, mvua ya Desemba inagonga bati. Mmoja akasema, tuiweke kwenye akaunti ya muda, ile ya kuegeshea tofauti, kesho tutaitafuta. Mzee akauliza swali moja: "Una hakika gani kwamba ni kosa moja?"

Hebu litazameni swali hilo. Tofauti ya 27,000 inaweza kuwa kosa moja la 27,000. Inaweza pia kuwa makosa mawili, moja la 127,000 linalozidisha na jingine la 100,000 linalopunguza, nayo yamekumbatiana yanakuonyesha 27,000. Ukilala nayo, umelala na kitu usichokijua ukubwa wake.

Basi akawapanga. Kwanza, tafuteni vocha yenye kiasi kile kile, 27,000. Huenda imeandikwa mara mbili, au moja imeangukia nyuma ya droo. Haipo. Pili, gawanyeni kwa mbili, mtafute 13,500. Kama kulipa kumeandikwa upande wa kupokea, tofauti inakuwa mara mbili ya kiasi chenyewe, kwa hiyo nusu yake ndiyo inayoonyesha kosa. Haipo. Tatu, gawanyeni kwa tisa. Ikigawanyika bila kubaki kitu, shukuni kwamba mtu amegeuza tarakimu. Na 27,000 kwa tisa ni 3,000. Maana yake tarakimu mbili zilizo jirani, kwenye makumi elfu na maelfu, zimebadilishana nafasi, na zinapishana kwa tatu. Kwa hiyo hakuna haja ya kupekua vocha zote. Tafuteni zinazoanza na 14, 25, 36, 47, 58 au 69.

Ilipatikana kabla chai haijapoa. Mwalimu mmoja aliweka 58,000, karani akaandika 85,000 kwenye kadi yake.

Ungekuwa wewe ni mwalimu yule, ungelalamika? Tuwe wakweli. Lakini fikiria angekuja mwezi unaofuata, akachukua zile 27,000 kwa nia njema akijua ni zake, akalipia mahari au bati. Halafu benki imfuate. Kosa la karani lingekuwa deni la mwalimu. Ndiyo maana mzee alikaa mpaka usiku. Hakukaa kwa ajili ya benki.

Na ziada je? Vijana mliopo kwenye vibanda vya miamala ya simu, hili ni lenu. Keshia akipata shoti, yaani pungufu, ya 5,000 analia. Akipata ziada ya 5,000 ananyamaza, anaiweka kwenye soksi isubiri siku ya shoti. Mzee alikuwa mkali kwa ziada kuliko kwa shoti. Shoti ni yako, alisema, utailipa. Ziada ina mwenyewe, na mwenyewe anaweza kuwa njiani anarudi. Kila moja iandikwe kwenye daftari lake siku ile ile, na moja isizibe nyingine, maana zikizibana hakuna atakayejua kwamba mnakosea kila siku.

Sasa tutoke benki. Alipostaafu, baraza lake pale Isevya liligeuka kaunta. Watu walikuja na karatasi za mikopo. Waliokuja kabla ya kusaini walikuwa wachache. Wengi walikuja baada.

Alikuja kijana wa bodaboda na mkataba wa taasisi moja ya mikopo, ambayo hatutaitaja. Shilingi 1,200,000, miezi 12, riba asilimia 18 kwa mwaka. Kijana anafurahi, anasema 18 ni ndogo, mjini wanatoza 30. Mzee akamuuliza: "Asilimia 18 ya nini?"

Ya nini? Umewahi kuuliza hivyo, wewe uliyekaa hapo? Kijana hakuelewa. Mzee akaomba vizibo vya soda 12, akavipanga mezani. Kila kizibo ni 100,000. Mwezi wa kwanza unarudisha kizibo kimoja, vinabaki 11. Mwezi wa sita ukiisha vimebaki sita. Sasa soma mkataba wako: mwezi wa saba unatozwa riba ya vizibo vingapi? Kijana akasoma. Vizibo 12. Mwezi wa kumi na mbili, mezani kimebaki kimoja, unatozwa riba ya vingapi? Bado 12.

Hesabu yake ndiyo hii, na mwenye kalamu aandike. Kwa riba isiyopungua, asilimia 18 ya 1,200,000 ni 216,000. Jumla 1,416,000, kila mwezi 118,000. Kwa riba ile ile ya 18 lakini inayohesabiwa juu ya deni lililobaki tu, marejesho ni karibu 110,016 kwa mwezi, na riba ya mwaka mzima ni kama 120,192. Tofauti inakaribia 96,000. Ile 18 ya kijana, ukiipima kwa deni analobaki nalo kila mwezi, inapita asilimia 30. Kwa hiyo 30 aliyoikimbia mjini ndiyo aliyoikumbatia hapa, imevaa kofia nyingine.

Kisha swali la pili: mkononi utapokea ngapi? Mkataba ulikata asilimia tatu mapema, ada ya maombi na bima. Kijana angeondoka na 1,164,000, huku akilipa riba ya 1,200,000.

Swali la tatu lilimhusu shemeji wa kijana, aliyekuja naye "kushuhudia tu". Mzee akamwonyesha mstari wa kutia sahihi. Umeandikwa mdhamini. Akamwambia, na maneno haya wengi wa mtaa huu wanayakumbuka: "Mdhamini si shahidi. Mdhamini ni mdaiwa anayesubiri zamu yake." Wakulima wa tumbaku mliomo humu hilo hamhitaji kuelezwa. Chama cha ushirika kikikopa mbolea kwa pamoja, aliyelima vizuri anajua uchungu wa kukatwa kwa ajili ya jirani aliyeuza tumbaku yake kwa njia ya panya.

Kijana alikopa? Alikopa, kwingine, 600,000 badala ya 1,200,000. Alikuja leo na pikipiki hiyo hiyo.

Sasa tuingie ndani ya nyumba. Mama, utusamehe, tutasema machache.

Benki, chumba cha fedha hakifunguliwi na mtu mmoja. Kuna funguo mbili, kwa watu wawili, na hata meneja hawezi kuwa nazo zote. Watu hudhani ni kwa sababu hawaaminiani. Siyo hivyo tu. Mmoja akiugua, akifa, akipotea njiani, lazima awepo mwingine anayejua kilichomo. Na mmoja akisingiziwa, awepo wa kumshuhudia.

Ni wanaume wangapi hapa ambao mke anajua salio la akaunti yao? Msinyooshe mikono. Mtaharibu shughuli.

Ndani ya nyumba hii, kila Jumapili baada ya misa, kulikuwa na chai, michembe, karanga, na kaunta buku. Safu tatu: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Mwezi huu Mama anasoma risiti, Baba anaandika. Mwezi ujao wanabadilishana. Kilichobaki kwenye daftari kinahesabiwa na kilichobaki kwenye kopo. Visipolingana, hakuna anayemwuliza mwenzake "umepeleka wapi". Wanatafuta kwa hatua zile zile: kiasi chenyewe, nusu yake, gawanya kwa tisa. Mama ameshawahi kumkamata na tisa yake. Aliandika 4,500 ya mafuta ya taa kuwa 5,400, na wajukuu wanaihadithia mpaka leo.

Watoto wote watano, kila mmoja akifika darasa la tano, alipewa zamu ya wiki ya ukarani. Sheria ilikuwa moja. Kosa halifutwi. Linakatwa kwa mstari mmoja ili bado lisomeke, jibu sahihi linaandikwa juu yake, na mwandishi anatia sahihi. Raba na wino mweupe vilikuwa marufuku kwenye daftari hilo. Mtoto aliyekosea hakuchapwa. Aliyefuta alikuwa na kesi.

Ada ya shule ilikuwa na hesabu yake pia. Ada ya mwaka ujao iligawanywa kwa 10, haikugawanywa kwa 12. Kama ni 600,000, basi 60,000 kila mwezi, kuanzia Februari mpaka Novemba. Kwa nini? Desemba ina Krismasi na wageni, Januari ina sare, madaftari na nauli. Anayepanga kwa 12 anapanga miezi miwili ambayo anajua hataweka kitu.

Lakini msije mkadhani alikuwa mtu wa tarakimu peke yake. Jumapili usiku, sare za watoto watano alizipiga pasi yeye. Pasi ya mkaa. Alipulizia mkaa nje, akakung'uta majivu, akaijaribu kwanza juu ya kitambaa chenye unyevu, kisha kola, mikono, mgongo, mifuko mwisho. Wanaume wa rika lake walimcheka. Alijibu kwamba Mama amefua, funguo mbili. Alipougua Mama, miezi ile mirefu ya kwenda na kurudi hospitali ya Kitete, uji wa mtama aliupika mwenyewe, na kwenye ukurasa wa dawa aliandika saa kwa saa. Daktari akiuliza dozi ya mwisho ilikuwa lini, Mama alikuwa anafungua daftari tu.

Tumesema tutafika kwenye alipokosea. Yeye mwenyewe asingekubali tufute.

Kwenye boksi faili lake kila kitu kina bahasha yake: vyeti vya kuzaliwa, cheti cha ndoa, namba za NIDA, karatasi za pensheni, hati ya nyumba hii, bima, madeni. Bahasha moja imeandikwa kwa penseli: "Kiwanja Ipuli, bado." Ndani mna karatasi ya mkono, sahihi mbili, hakuna muhuri.

Alinunua kwa rafiki. Meneja wa benki mzima, aliyewafundisha watu kuacha nyayo za fedha, alilipa taslimu, usiku, sebuleni kwa muuzaji. Kwa nini? Kwa sababu kumwambia rafiki "twende kwa mwenyekiti" kulionekana kama kumtukana. Rafiki amefariki. Watoto wake wanasema hawajui mauzo yoyote, na hatuwezi kuwalaumu, hawakuwepo. Kilichokosekana ni hiki, na kila mwenye karatasi kama hiyo kwenye sanduku akaikague leo: kuuliza ofisi ya ardhi ya halmashauri kiwanja kinasomeka kwa jina la nani, kuwaita majirani wa pande zote nne wakaone mipaka, mke wa muuzaji kutia sahihi, mwenyekiti wa mtaa kushuhudia, na fedha kupita benki ili tarehe na kiasi vibaki. Ile "bado" aliiandika akijua. Miaka ikapita.

Mama amesema kosa hilo liendelee kusomeka hivyo hivyo. Familia mbili zitakaa mbele ya mwenyekiti wa mtaa, na kama ushahidi hautatosha, kiwanja kitabaki kwa watoto wa rafiki yake.

Sasa matangazo, maana arobaini imetimia na kazi ya mirathi imeanza. Cheti cha kifo kimepatikana. Kikao cha ukoo kimeketi, muhtasari umesainiwa, na kimempendekeza Mama kuwa msimamizi. Barua ya mtaa ipo. Maombi yanapelekwa Mahakama ya Mwanzo kwa fomu namba 1, mahakama itatoa tangazo, na mwenye pingamizi aende huko, asiende kwenye vikundi vya simu. Mama akishateuliwa ana miezi minne ya kurudisha orodha ya mali na madeni, na baadaye hesabu ya mgawanyo.

Wiki ile ya msiba kuna mtu alishauri, kwa nia njema, kadi ya benki itumike kununulia mchele kwa kuwa namba ya siri inajulikana. Mama alikataa. Alikuwa sahihi. Tangu siku ya kifo fedha hizo ni za mirathi, na taarifa ya benki itaonyesha marehemu akitoa fedha siku tatu baada ya kuzikwa. Nani ataeleza hilo mahakamani? Mfuko wa pensheni nao umeshaarifiwa, kwa sababu pensheni ikiendelea kuingia baada ya kifo itadaiwa kurudi.

Ndugu zangu, kama marehemu alikuwa anakudai, au wewe unamdai, kaunta buku liko pale chini ya mwembe, na binti yake mkubwa ana kalamu mpaka saa kumi na mbili jioni. Njoo na karatasi kama unayo. Kama huna, njoo na shahidi. Madeni yanalipwa kabla ya mgawanyo, kwa hiyo usingoje mpaka wenye mali watawanyike.

Kuna mstari mmoja kwenye ukurasa wa madeni ambao hatujauweza. Umeandikwa wiki yake ya mwisho, mkono ukitetemeka: "Fundi baiskeli, ringi na spoku, 18,000." Hakuna jina. Mafundi wa Gongoni wameulizwa, wa Ng'ambo wameulizwa, wote wamesema si wao. Fundi, kama uko hapa, au uko mbali unasoma maneno haya, usione haya kudai kwenye msiba. Hela yako ipo kwenye bahasha, imehesabiwa mara mbili.